Kutalii na Vyungu vya Watu

Ukikaa Mbeya, safari ya Matema iage kwa uongo. Sema unakwenda Dodoma, sema kuna msiba Makambako. Ukiitaja Matema tu, mtaa mzima unakumbuka kwamba hauna chungu.

Mama watoto ndiye aliyetaka tupande boti. Alikuwa ameona kwenye runinga wazungu wakielea mtoni, wamejilaza vitini, wakishuka kila kijiji cha kale na kupiga picha. Nikamweleza kwamba Ruaha Mkuu wetu, tangu 1993, umekuwa ukikauka kiangazi kule hifadhini hadi viboko wanagombea dimbwi. Akasema basi twende Ziwa Nyasa. Akalisema dirishani, jirani anaanika nguo.

Tukashuka na kosta kupitia Tukuyu hadi Ipinda, kisha bodaboda mpaka ufukweni Matema. Boti ya kwenda Ikombe, nakiri, ni raha. Milima ya Livingstone imesimama wima kushoto, miguu iko majini. Nahodha anashika usukani wa injini kwa kisigino huku anamenya muwa. Kwa dakika kadhaa nilijiona mzungu kamili.

Ikombe ni kwa Wakisi, na Wakisi ni vyungu. Walikuwa wakifinyanga kabla wamisionari wa Kijerumani hawajafika pande hizi miaka ya 1890, na hadi leo mzigo wao huvushwa kwa mitumbwi kwenda mnadani Lyulilo. Tulimkuta bibi mmoja amekaa chini, udongo uko juu ya gae. Mkono wa kushoto unalizungusha gae, wa kulia unapandisha ukingo wa chungu, kisha analowesha kidole na kupitisha mdomoni mwa chungu mara moja tu. Mviringo ukatoka kama wa bomba. Nilitaka nikae hapo hadi jioni.

Simu ikashika mtandao.

Ziwa hilihili, Agosti 1914, kule Liuli, manowari ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliifyatulia mizinga Hermann von Wissmann ya Wajerumani. Nahodha wa Kijerumani alikuwa hana habari kwamba vita imeanza, akamfuata nahodha mwenzake wa Kiingereza kwa hasira kumuuliza kama amelewa. Namwelewa sana yule bwana. Mimi nilishambuliwa na kundi la kikoba. Jirani: viwili vya maharage. Mama mchungaji: kimoja kikubwa, chenye mfuniko, “Mungu atakulipa.” Shemeji wa Kihesa, Iringa, ambako habari sijui zilifikaje: vitatu, na mchele wa Kyela debe moja kwa kuwa “si mnapita tu hapo”. Pesa hakutuma hata mmoja. Wote “tutaonana ukirudi”.

Kurudi, boti ilijaa vyungu, mtalii nikakaa kwenye ukingo nikiwa nimepakata cha mama mchungaji. Ipinda, konda akavitazama, akanitazama.

“Mzee, hivi havipandi kwenye buti, vitapasuka. Vinakaa kwenye siti.”

“Siti nalipia mimi?”

“Kwani vyenyewe vina hela?”

Nikalipa. Vyungu vikakaa dirishani, vikaangalia migomba ya Tukuyu mpaka Mbeya. Mimi nilisimama.