Jinsi ya Kusomeshwa na Mti

Kama umemaliza shahada ya kwanza ya botania, misitu au ualimu, na kila asubuhi unafungua simu kutazama kama kuna ufadhili wa uzamili Ulaya, iweke simu chini kidogo. Mwongozo huu ni wako. Masharti yake ni machache, na la kwanza ndilo gumu kuliko yote: penda kiumbe kisichokimbia.

Tembo ana watafiti wake. Simba ana watafiti, filamu na magari ya kufunguka paa. Mti umesimama palepale tangu babu yako hajazaliwa, na huenda hakuna aliyewahi kuuliza nani anabeba mbegu zake. Hapo ndipo ilipo nafasi yako. Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita kule Kenya, ikashuka Pare, Usambara, Nguru na Uluguru hadi Udzungwa, ina mimea isiyoota kwingine kokote duniani. Wanabotania walianza kuchapisha orodha kuu ya mimea ya Afrika Mashariki mwaka 1952, wakaifunga mwaka 2012 ikiwa na spishi zaidi ya 12,000. Miaka 7 baadaye, kwenye misitu ya pembeni mwa Udzungwa, ukaonekana mti usiokuwemo. Wala si kimea cha kujificha nyuma ya jiwe. Unafika mita 40 kwenda juu. Mwaka 2025 ulitangazwa rasmi kwa jina la Tessmannia princeps, na miongoni mwa walioutambua ni Watanzania wa hukohuko, Aloyce Mwakisoma na Ruben Mwakisoma. Kwa hiyo usije ukamwambia mtu kwamba kila kitu kimeshafanyiwa utafiti.

Sharti la pili: tafuta swali kabla ya kutafuta fedha. Wengi huanza na fedha, wakishazikosa wanasema nafasi hazipo. Nenda Amani, Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walifungua kituo cha utafiti mwaka 1902. Utakutana na msambu, ambao vitabu huuita Allanblackia stuhlmannii. Mbegu zake zina mafuta, na wanakijiji wamekuwa wakiziokota na kuziuza. Shida ni kwamba mbegu hiyo huchukua miezi mingi kuota, na miti yenyewe kuna dume na kuna jike. Mkulima anapanda, anapalilia, anasubiri miaka, halafu mti unatoa maua ndipo anagundua kwamba amelea dume lisilozaa. Ukiweza kumpunguzia mkulima huyo miaka hata miwili tu ya kusubiri, digrii yako ina kazi.

Palepale Amani kuna mti mwingine, Maesopsis eminii, ambao Waganda huuita musizi. Kwao ni magharibi, huko Uganda na upande wa Bukoba. Uliletwa Usambara kupandwa, ukakua haraka, na hondohondo wakapenda matunda yake. Ndege hao wakazimwaga mbegu msituni, na kila palipokatwa miti ya asili mgeni huyu akajaa. Sasa mhifadhi anautazama kwa hofu, na mama anayetafuta kuni anautazama kwa shukrani. Nani ana haki? Swali hili lina ekolojia ndani yake, lina uchumi, na lina elimu ya mazingira. Linatosha uzamili, na likishikwa vizuri linafika uzamivu.

Ukitaka la kukunyima usingizi, shuka pwani ya kusini. Karomia gigas ulidhaniwa umetoweka mpaka wanabotania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipouona tena mwaka 2011. Miti iliyobaki inahesabika. Matunda yake hushambuliwa na kuvu, na mbegu nzima ni chache mno. Mti wa namna hii haukusubiri umalize kujiuliza kama botania ina ajira.

Kuhusu msimamizi sina mengi. Soma kazi zake kabla hujamwandikia, umweleze swali lako kwa sentensi tatu, na usimwite "Prof." kama bado ni Daktari. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wapo, Sokoine kule Morogoro wapo, Nelson Mandela kule Arusha wapo. Fedha nazo zipo za aina ndogondogo: Rufford hutoa ruzuku kwa miradi yenye manufaa ya uhifadhi, IDEA WILD hutoa vifaa, DAAD hufadhili masomo humuhumu Afrika, na Tropical Biology Association huendesha kozi za uwandani, Amani ikiwa mojawapo ya vituo vyake. Hakuna hata mmoja atakayekununulia gari.

Sasa barua. Barua ya utambulisho itatoka chuoni, ipande mkoani, ishuke wilayani, iingie kwa mtendaji wa kata, ndipo imfikie mtendaji wa kijiji. Usikasirike. Beba nakala nyingi na uvumilivu zaidi ya nakala. Ukifika, keti, salimia wazee kwanza kwa shikamoo ya kutulia, na ueleze umefuata nini kwa maneno ambayo hata mtoto aliyesimama dirishani atayaelewa. Ukisema "nimekuja kuangalia bioanuwai," wataamini unatafuta madini.

Mwenyekiti atakupa mtu wa kukuongoza msituni, mara nyingi mzee. Mlipe siku zake zote, na jina lake liandike kwenye tasnifu kwa heshima, si "mwenyeji mmoja". Atakata gome kidogo kwa panga, anuse, akutajie mti ambao wewe ulikuwa bado unahesabu majani yake. Wewe lete kazi yako: pima kipenyo kwenye kimo cha mita 1.3, na kama shina limetanuka chini, pima juu ya pale utanuko unapoishia. Chukua tawi lenye ua au tunda. Litandaze kwenye gazeti, geuza jani moja ili mgongo wake uonekane, funika, weka boksi, kaza kwa mikanda. Rangi ya ua iandike hapohapo, maana kesho litakuwa la kahawia kama mengine yote. Magazeti yabadilishe kila siku mpaka mmea ukauke. Ukizembea siku mbili za mvua, utaamka na ukungu.

Na elimu ya mazingira? Hapa naomba tuelewane vizuri. Bango la "Tunza Mazingira" kwenye ukuta wa shule ni rangi tu. Mwaka 1991 mtafiti wa sokwe Jane Goodall alikaa na wanafunzi 12 jijini Dar es Salaam, wakaanzisha Roots & Shoots, na mpango huo ukaenea nchi nyingi, kwa sababu watoto walipewa kitu cha kufanya kwa mikono yao. Nani amepima, katika kata yako, kinachobaki kichwani baada ya somo? Chukua shule mbili. Moja wafundishwe darasani, nyingine watoke na mwalimu pamoja na bibi mmoja anayejua dawa za miti. Waulize watoto wa shule zote mbili wataje mimea kumi ya kwao na matumizi yake. Rudi baada ya miezi sita, uulize tena. Utafiti huo unahitaji kalamu, karatasi, ridhaa ya wazazi na nauli ya bodaboda, na matokeo yake mwalimu mkuu anaweza kuyatumia Jumatatu inayofuata.

Ukimaliza, usikimbilie mahafali. Andika kurasa mbili za Kiswahili, zenye picha, na uzirudishe mwenyewe kijijini: nakala kwa mtendaji, nakala kwa shule, nakala kwa mzee aliyekutajia miti. Wanakijiji wamechoka kuhojiwa na watu wasiorudi, na mtafiti atakayekuja baada yako atapokelewa kwa kadiri ulivyoondoka wewe.

Barua ya kwanza kwa msimamizi iandike wiki hii. Masika ikianza, barabara ya kutoka Muheza kupanda Amani ni ya tope.