Jinsi ya Kucheza Wathi Bila Kuona Miguu Yako

Kwanza, ukivaa miwani ya uhalisia pepe, usichezee nje. Najua Konza, Kenya, inashawishi: upepo, anga pana, na zile ekari 5,000 za jiji la teknolojia ambazo Rais Mwai Kibaki alizizindua mwaka 2013. Lakini jua la Ukambani likipenya kwenye lenzi za miwani hiyo huunguza kioo kilicho ndani, na kamera za miwani hupotea njia penye mwanga mkali. Tafuta ukumbi. Toa viti, toa meza, mtoe na mjomba aliyekuja kutazama na kikombe chake cha chai, kwa sababu mchezaji hatamwona.

Kati ya ngoma za Wakamba, kilumi kiacheni. Ni ngoma ya kina mama, ya tiba na ya kuomba mvua, na haiingizwi kwenye mashine mpaka wenyewe wakubali. Chezeni wathi, ngoma ya vijana, ila zile sarakasi zake za kupinduka hewani zisubiri. Miwani ya Quest 3 ina zaidi ya gramu 500, na shingo ni moja tu.

Sasa tikisa mabega. Tikisa vizuri, mpaka jasho likutoke, kisha muulize aliyekuwa akikutazama ndani ya mchezo ameona nini. Atakwambia umesimama kama askari wa benki. Miwani inajua vitu vitatu tu kwa hakika: kichwa na mikono miwili. Kiuno na miguu inabahatisha, na mabega, ambayo kwayo Mkamba humtambua mchezaji hodari, mara nyingi huyakosa. Mwambie fundi akufunge vihisi kiunoni na miguuni, halafu mshikilie hapo hapo mpaka aongeze vya kifuani na viwikoni. Akisema inatosha, mchezeeni wathi mbele yake bila mashine yoyote, aone alichotaka kukitupa.

Kizunguzungu kitakuja. Macho yanasema umesogea, sikio la ndani linakataa, na tumbo ndilo linalolipa. Kwa hiyo jukwaa la ndani ya miwani lisijiendeshe lenyewe. Asogee mchezaji peke yake, kwa vipindi vifupi, lenzi zikifutwa jasho katikati. Kigumu zaidi ni upweke. Macho yetu huona karibu nyuzi 200 kwa upana, miwani huonyesha kama 110, na wacheza ngoma huishi kwenye hizo zinazobaki: bega la jirani, kivuli cha anayekuja nyuma. Mtunzi wa dansi Mswisi Gilles Jobin alilitazama jambo hili katika kazi yake VR_I ya mwaka 2017. Watazamaji watano walitembea pamoja kwenye sakafu moja ya kweli, kila mmoja akiuona mwili wake na miili ya wenzake. Fanyeni vivyo hivyo. Chezeni pamoja chumbani, pekupeku, mpiga ngoma akiwa humo humo ili mdundo upande kwa nyayo.

Kama mna binti aliye Ujerumani, naye aingie kupitia mtandao. Mtandao wa kwenda Ulaya na kurudi huchukua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, basi yeye afuate ngoma ya Konza, na Konza isimsubiri. Na yule kijana aliyelelewa mjini, anayeona haya kucheza mbele ya wakwe, mpeni miwani kwanza. Asipoyaona macho ya watu, mwili hulegea. Kwa hilo naipenda sana mashine hii.

Kabla ya kuwasha chochote, kaeni mezani. Mchezo ulionaswa na vihisi ni data, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamlinda mwenye mwili. Sheria ya mwaka 2016 ya maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inailinda jamii yenye ngoma. Andikeni nani atahifadhi miondoko hiyo, nani ataiuza, nani atalipwa na kiasi gani, na kikundi kibaki na nakala iliyosainiwa.