Vivuli Vitatu, Kichwa Kimoja

Picha ya kivuli ilibuniwa na watu wenye nywele. Ulaya ya karne ya 18, kabla kamera haijazaliwa, mtu asiye na uwezo wa kumlipa mchoraji wa rangi alikaa ubavu mbele ya mshumaa, kivuli chake kikaanguka kwenye karatasi, fundi akakifuatisha kwa penseli kisha akakipaka weusi au kukikata kwa mkasi. Johann Kaspar Lavater, mchungaji wa Uswisi, alikuwa na kiti maalumu cha kazi hiyo, chenye kiwambo ubavuni, na akashikilia kwamba ukingo wa uso wa mtu hufichua tabia yake. Kwake ilikuwa rahisi kuamini. Wateja wa zama zile walikuja na mawigi, mikia ya nywele iliyofungwa utepe, kofia na lesi shingoni. Hata asiye na tabia yoyote aliondoka na umbo.

Sasa njoo Kibuli, mtaa wa Kampala, katikati ya muhula. Shule nyingi za Uganda hazitaki kuona nywele: mvulana hunyolewa, msichana hunyolewa, na kabla ya shule kufunguliwa foleni ya kinyozi hufika barabarani, boda wakiikwepa. Ni katika majira hayo ya vipara ndipo nilipopata wazo kwamba ukuta wa sebule yetu unahitaji picha za vivuli za wanangu watatu.

Kanuni yenyewe ni fupi. Mtoto akae karibu na ukuta, taa iwe mbali. Akiisogelea taa, kichwa kinavimba. Akiuacha ukuta, kingo zinafifia. Taa ya darini haifai, maana mwanga wake hutawanyika huku na huko. Tochi ya simu ndiyo bora, kwa kuwa mwanga wake hutoka kwenye kitundu kimoja. Nikabandika karatasi ukutani kwa selotepu, nikaisimamisha simu juu ya rundo la vitabu, nikamketisha kitindamimba.

Kanuni haikusema lolote kuhusu mtoto wa miaka minne. Ukimwambia kuna kivuli chake ukutani, atageuka kukiangalia, na akigeuka, pua inapotea. Unamrudisha ubavu, pua inarudi. Unainua penseli, anageuka kuona kama bado ipo. Kaka yake naye, aliyekuwa akisubiri zamu, akamwotesha pembe kwa vidole viwili, kisha masikio ya sungura, kisha kitu alichodai ni mamba. Nikaagiza rolex, ile chapati ya kuviringishwa, ya mayai mawili, kumtuliza yule mdogo. Ilimtuliza miguu, ikaipa taya kazi. Nilipofika kwenye kidevu, simu ikaita. Ikatetemeka juu ya vitabu, na kichwa cha mwanangu kikatetemeka ukutani kama uji unaochemka. Aliyepiga alikuwa amekosea namba.

Hata hivyo kazi ilikamilika. Nikakata karatasi ya manila nyeusi, nikaibandika juu ya nyeupe, nikavipanga vichwa vitatu juu ya kochi. Mama watoto akaingia kutoka sokoni, akatua kikapu, akatazama kwa muda.

"Baba watoto, mbona mtoto mmoja umemkata mara tatu?"

Nikamwonyesha binti yetu ni yupi. Binti mwenyewe akakanusha: "Baba, huyo si mimi, huyo ni kaka." Kaka akasema huyo si yeye. Vichwa vyote vitatu ni duara, vyote vina pua ya upande wangu, na kinyozi alikuwa amemaliza mengine yote. Jino lililong'oka halionekani kwenye kivuli. Wala macho ya mama yao. Kivuli hakibakizi ila ukingo, na sisi ukingo tumeupeleka kwa kinyozi.

Jioni moja tukahamia nje, tupige picha kwa simu jua likiwa nyuma yao. Njia hii haina penseli: unagusa skrini pale penye anga, unateremsha mwanga, flashi unaizima, na mtoto anabaki weusi mtupu mbele ya rangi ya machungwa. Taabu ni kwamba Kampala iko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Jua huzama jirani ya saa moja mwaka mzima, tena hushuka wima bila kuaga, na mwanga mzuri ni wa dakika chache tu. Dakika hizohizo ndizo za adhana ya magharibi kutoka Msikiti wa Kibuli, ule uliokamilika 1951 kwenye ardhi aliyoitoa mwanamfalme wa Buganda, Badru Kakungulu. Watoto wangu, ambao kwa kawaida huitwa kutawadha hadi sauti yangu ikauke, siku hiyo walikimbia kwa ucha Mungu ambao sijauona tena.

Picha moja ilitoka safi. Ilikuwa ya kaloli, yule korongo mla taka wa Kampala, amesimama juu ya paa la jirani: mdomo mrefu, mfuko wa shingo, mabega ya wakili mzee. Naye ana kipara, lakini hana anayefanana naye.

Jaja, mama yangu, alipokuja kututembelea ndiye pekee aliyewatambua wajukuu. Hakuhangaika na pua. Alipitisha kidole kwenye visogo, akataja majina matatu bila kukosea, kisha akasema hiki cha katikati ni cha marehemu baba yangu. Lavater angemtafutia kiti.

Mzazi mwenzangu unayelitamani jambo hili, ngoja likizo ya Desemba. Ni ndefu, inavuka Januari, nywele zinapata nafasi ya kuota na binti anaweza kusukwa. Hapo ndipo ununue manila. Na tochi iwe ya simu ya mtu mwingine.