Foleni Isiyowahusu Wakubwa

Dereva wa lori la mafuta akifika Tunduma hufunga breki, hushuka na sufuria, akasonga ugali ubavuni mwa tela huku akiingoja Zambia. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa 2019; foleni nadhani haijapata taarifa.

Wakubwa mpaka wao, wa kutoka chama hadi chama na cheo hadi cheo, hauna foleni. Dk. Wilbroad Slaa, padri wa zamani, aligombea urais kwa CHADEMA 2010. Akakiacha chama 2015, akateuliwa balozi 2017 na kupelekwa Sweden. Hadhi ya ubalozi alivuliwa 2023. Hapa mkoani Songwe, Waziri Kindamba (Waziri ni jina, si cheo) alitoka kuongoza shirika la simu TTCL, akapitia Njombe, akawa mkuu wetu wa mkoa 2022. Mwaka uliofuata akahamishiwa Tanga. Daniel Chongolo alijiuzulu ukatibu mkuu wa CCM Novemba 2023. Machi 2024 kiti cha mkoa wetu kikawa chake. Naye David Silinde, mbunge wa Momba kwa CHADEMA, 2020 alivukia CCM, akapata ubunge wa Tunduma na unaibu waziri mwaka huohuo.

Kijana wa Tunduma, achana na uwakala wa forodha. Somea uteuzi. Hauna ada wala mtihani, ila matokeo hutoka usiku, na yanaweza kutenguliwa kabla hujafungua mabegi.