Kayaki ya Shemeji

Ukikaa Jangwani halafu ukaingiza chombo cha majini uani, hakuna jirani atakayekubali kwamba ni cha kuvulia. Tunajuana na Mto Msimbazi. Ukifurika, Barabara ya Morogoro inafungwa, mwendokasi unasimama, na wenye kumbukumbu wanaanza kusimulia mafuriko ya Desemba 2011, ambayo baada yake watu walihamishiwa Mabwepande. Kwa hiyo shemeji alipoleta kayaki ya plastiki, mtumba kutoka hoteli fulani ya ufukweni, mwenye nyumba alinivuta pembeni: "Bwana, kwani mamlaka ya hali ya hewa wamesema nini?"

Hawajasema kitu. Shemeji anataka changu na kolekole, basi. Kayaki imelala baina ya mlango wangu na choo, na usiku lazima uiruke.

Ningevumilia kama tusingekaa jirani na Kariakoo. Mtu wa Mbezi akipata wazo la ovyo, foleni inampa muda wa kulifikiria upya. Sisi tunavuka barabara tu, na ng'ambo kuna muuzaji anayeapa kwamba hicho ndicho ulichokuwa unakitafuta.

Shemeji alianza na vishikio vya fimbo za kuvulia. Wavuvi wa Feri ninaowaona huvuta mshipi kwa mkono, chubwi limezama, kidole ndiyo kengele. Shemeji hana fimbo hata moja, lakini sasa ana pa kuchomeka nne. Alikata bomba la PVC kwa msumeno wa chuma, akalishika mdomo juu ya jiko la mkaa la dada yake, akalizungusha polepole mpaka likalegea, akasukumizia chupa ya soda ndani yake lipanuke, kisha akalimwagia maji. Mdomo ulitoka mzuri, siwezi kukataa. Wali wa mchana huo tuliula unanuka bomba.

Kuvigandisha sasa. Muuzaji wa Mtaa wa Kongo alimpa gundi "inayoshika mpaka chuma". Chuma, sawa. Kayaki ni poliethilini, ukoo mmoja na ndoo na madumu, na gundi za kawaida haziupendi ukoo huo. Asubuhi vishikio vyote vilikuwa chini na gundi imebanduka nzima nzima, safi. Nilimwambia amwite fundi wa kuziba ndoo, yule wa chuma cha moto, maana plastiki hiyo hukubali kuyeyushwa. Akaniambia mimi si mtu wa baharini. Akatoboa, akapiga ribiti, na chini ya kila ribiti akaweka kipande cha mpira ili maji yasipenye. Kipande cha kandambili zangu.

Nilipouliza, nikatajiwa Flipflopi, chombo kilichoundwa Lamu kwa plastiki iliyotupwa na kuvikwa kandambili, kikasafiri hadi Zanzibar mwaka 2019. Ni kweli kilisafiri. Lakini zile kandambili zilikuwa takataka za ufukweni. Zangu zilikuwa mlangoni, zimepangwa.

Baada ya hapo hakushikika. Kreti la soda nyuma ya kiti, limefungwa kwa mipira ya tyubu ile ya kufungia mizigo kwenye pikipiki. Betri ya bodaboda, ya taa. Nanga ya nondo aliyochomelewa Gerezani, ambayo ingetosha kusimamisha pantoni ya Kigamboni. Jaketi la kuokolea hajanunua. Anasema bei zake haziko wazi.

Kayaki ya aina hii ina matundu sakafuni ya kutolea maji. Yanafanya kazi hiyo mradi sakafu iko juu ya usawa wa bahari. Ukiipakia mpaka ikazama kidogo, matundu hayohayo yanakuwa ya kuingizia. Shemeji aliyagundua haya pale Magogoni, akiwa ameketi kwenye maji mpaka kiunoni na kreti likielea kuelekea kwa wachuuzi. Hakupunguza mzigo. Alirudi akaomba madumu mawili ya mafuta ya kula, ya lita ishirini, akayafunga kwenye mabomba yaliyokatiza kayaki, dumu moja kila ubavu. Mwenye guta anayeibeba kwenda baharini akapandisha nauli: sasa mzigo unachukua barabara nzima.

Safari hiyo ilielea. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza nyavu akaitazama sana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Matengo hayo umeyafunga mbele mno. Ngalawa yako itagoma kugeuka."

"Si ngalawa mzee, ni kayaki."

Mzee akahesabu kwa kidole: matengo huku, matengo kule, mtu katikati. Pwani yote hii, kuanzia Lamu kushuka, watu wameketi hivyo tangu enzi za mababu, kwenye mwembe uliochongwa, bila ribiti wala betri. Gharama zote zile, na jiko la mke wangu, zimetupeleka mahali ambapo mzee alizaliwa. Nilidhani shemeji ataona haya.

"Tanga liko wapi?" mzee akamuuliza.

Hilo swali mzee hakupaswa kuliuliza mbele ya kijana huyu. Turubai ameshapata, Mtaa wa Msimbazi, kwa bei ya kirafiki. Bado mlingoti. Anataka bomba la chuma la inchi mbili, refu, lisilo na kutu, na tangu jana jioni anakaa uani akiikodolea macho antena yangu ya televisheni.