Mdhamini Mkono wa Birika

Jumapili iliyopita, katikati ya kikao cha kamati ya harusi, simu za wajumbe zililia kwa mkupuo. Tulikuwa sebuleni kwa mwenyekiti, Soweto, hapa Mbeya, nami nilikuwa nimesimama nikisoma majina ya walioahidi mchango na hawajatoa. Mweka hazina ana raha moja tu katika kazi yake nzima, nayo ni hiyo, na nilikuwa ndiyo kwanza naanza kunogewa. Mara nikaona vichwa vimeinamia simu, vikainuka kunitazama, vikainama tena.

"Mjomba," katibu akasema, naye si mpwa wangu wala hatuna undugu wowote, "hebu tusomee na hii."

Akanipa simu yake. Ujumbe wote ulikuwa kwa herufi kubwa. Ulianza na majina ya mpwa wangu, yote matatu, ukamwita tapeli na mdaiwa sugu, ukataka ndugu na marafiki wamwambie alipe shilingi 84,000 kabla ya saa kumi jioni. Mwisho ukasema: MDHAMINI WAKE NI MJOMBA MKONO WA BIRIKA, MPIGIENI. Ikafuata namba yangu ya simu, tarakimu zote kumi, bila kosa hata moja.

Sikuwa nimemdhamini mtu yeyote. Lakini hilo halikuwa tatizo la kwanza. Tatizo la kwanza ni kwamba sasa sebule nzima ilijua nimeandikwaje kwenye simu ya mpwa wangu, na mimi nilikuwa nimejua pamoja nao, kwa wakati uleule, nikiwa nimesimama na daftari la michango mkononi.

Mama mmoja wa kamati ya chakula akanipa pole, akaziba mdomo kwa kitenge. Mwenyekiti, mtu wa busara, akajaribu kuniokoa: akasema kwa mweka hazina hiyo ni sifa njema, yeye angeogopa kama ningeandikwa Mjomba Mkono Wazi. Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka kwa majirani. Wale niliokuwa nawasomea madeni yao wakapata nguvu mpya. Mmoja akapendekeza agenda ibadilishwe, tuanze na deni la mdhamini.

Nikatoka nje kupata hewa. Simu ikaita. Mama mkwe, kutoka Iringa.

Mpwa wangu anasoma Iringa, na anaishi Kihesa katika chumba cha uani kwa mama mkwe wangu, kwa mpango niliouandaa mimi ili tusilipe hosteli. Kwa hiyo namba ya bibi anayo, na kwa hiyo ujumbe ulimfika bibi, na kwa kuwa macho yake hayaoni herufi ndogo alimwita jirani amsomee. Jirani akamsomea uani, kwa sauti, mbele ya wateja wa mkaa.

"Kamwene, baba," mama mkwe akasema. Huyu ni mtu ambaye nikizungumza naye, hata kwa simu, navua kofia. "Naomba kuuliza. Huyu Mkono wa Birika ni nani katika ukoo wenu?"

Nikamwambia ni ndugu wa mbali.

"Mwambie alipe," akasema. "Anawaaibisha."

Mpwa wangu alipopatikana hewani usiku, nilikuwa nimejiandaa kumfokea, lakini nilijikuta nauliza maswali, kwa sababu mambo aliyonieleza yana ustadi wa kutisha. Alikopa 50,000. Zikamfikia 36,000, maana ada hukatwa kabla hujaiona hela. Akapewa wiki moja. Baada ya wiki adhabu ikaanza kuongezeka kila siku, usiku na mchana, hata sikukuu. Kiungo cha kupakua programu alikipata kwenye kundi la WhatsApp, si kwenye duka la programu la Google. Nikauliza kwa nini. Nikaja kujua kwamba tangu mwisho wa Mei 2023 Google inazikataza programu za mikopo kugusa orodha ya majina na picha za mkopaji, kwa hiyo zile ambazo mtaji wake ni orodha ya majina zina kila sababu ya kupita mlango wa uani.

Ukishaifungua, inakuomba ruhusa. Majina, ruhusu. Ujumbe mfupi, ruhusu. Kumbukumbu za simu ulizopiga, ruhusu. Mahali ulipo, kamera, ruhusu, ruhusu. Mtu mwenye njaa hasomi kilichoandikwa juu ya kitufe. Na programu yenyewe, tofauti na benki, haihitaji hati ya nyumba wala barua ya mtendaji wa mtaa. Inasoma ujumbe wa miamala ya simu na kuona hela inaingia lini, kutoka kwa nani, na inakaa muda gani kabla ya kutoka. Inaangalia unampigia nani zaidi. Mpwa wangu ananipigia mimi zaidi, hasa tarehe za ishirini na kitu, na ndivyo nilivyoteuliwa kuwa mdhamini bila kikao wala saini. Nilipofikiri zaidi nikatoka jasho: mashine hiyo imesoma miamala yangu yote kwa huyu kijana. Inajua kwamba namtumia thelathini kila mwezi. Inajua kwamba sijawahi kumtumia na ya kutolea.

Lile jina, basi, si kwamba lilikosa ushahidi.

Dhamana ya mkopo wa namna hii ni aibu. Hawana mahakama wala dalali. Kina mama wa kausha damu hapa Mwanjelwa angalau wanakuja wenyewe, wanabeba kochi na runinga, na unawajua nyuso. Unaweza hata kuwaombea mabaya kwa majina yao. Hawa hawana sura. Mfanyakazi wao, kama ni mtu, anabonyeza mara moja na watu mia nne wanajulishwa: mhadhiri wako, binti uliyekuwa unamnyemelea, fundi cherehani, mchungaji, kamati nzima ya harusi ya dada yako. Hawakuomba mkopo. Hawakuona hata senti. Kila mmoja wao sasa yuko kwenye hifadhi ya watu wasiojulikana, kwa jina alilopewa na kijana wa miaka ishirini na mbili siku aliyokuwa amenuna.

Hapo ndipo utani unaponiishia. Kijana alibonyeza kitufe cha kuruhusu, sawa, na tumlaumu. Lakini alichoruhusu si mali yake. Namba yangu ni yangu, na ya mama mkwe ni ya mama mkwe. Nani alituuliza sisi? Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya 2022, iliyoanza kutumika Mei Mosi 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Aprili 2024. Benki Kuu nayo, Novemba 2024, ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila leseni. Niliisoma orodha yote kitandani, kidole juu ya kioo. Iliyonitangaza mimi haikuwemo, labda kwa sababu kubadili jina la programu ni rahisi kuliko kubadili la mjomba. Kenya, Septemba 2023, Kamishna wa Data aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 za huko, kwa kosa hilihili la kutumia namba za watu wengine kutisha na kusumbua. Nilipoona habari hiyo nilitamani kuwa Mkenya kwa nusu saa.

Aibu nyingine za mtandao sitazimalizia wino. Nimepata ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" siku ambayo kweli kuna mtu nilikuwa nimemwahidi hela. Na ripoti za mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ambazo zimekuwa zikiwataja jirani zetu wa Rukwa pamoja na Morogoro kuwa vinara wa majaribio ya utapeli wa simu, sikuwa nimezisoma bado. Nilipopiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu, nikakuta moja nisiyoijua. Shemeji yangu wa Mafinga anaingia X kwa VPN, kwa kuwa tangu Mei 2025 mtandao huo haufunguki nchini hivihivi, na simu yake sasa inamtangazia baiskeli za Amsterdam na mvua ya Amsterdam, huku yeye amejifunga blanketi mbele ya jiko la mkaa.

VPN hiyo ina kisa chake. Oktoba 2023 TCRA ilitaka wote wanaoitumia watoe taarifa kabla ya tarehe 30 ya mwezi huohuo. Aliyejificha aende akaseme amejificha wapi. Shemeji alilitafakari tangazo hilo kwa makini, akaagiza chai nyingine.

Lakini turudi kwenye uchungu wenyewe. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na siku ya mwisho ikasogezwa mpaka 20 Januari 2020. Tulipanga foleni kwenye mvua ya Januari. Mama mkwe alipeleka dole gumba lililosuguliwa na jembe miaka hamsini, mashine ya wakala ikalikataa, akaambiwa akalipake mafuta arudi. Akapaka, akarudi. Tuliambiwa ni kwa usalama wetu: kila laini itakuwa na mwenyewe, na atakayetutapeli au kututukana atajulikana. Sawa. Mimi najulikana. Mama mkwe anajulikana mpaka mistari ya kidole. Nikiandika kitu kibaya mtandaoni, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inanijua, na anayetaka kunipata hatapotea njia. Aliyetuma ule ujumbe kwa watu mia nne, naye alitumia laini, na laini ina dole gumba. La nani?

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, ikarejea baada ya siku kadhaa. Kwa hiyo swichi ipo, na wenye kuijua ilipo wapo. Anayeweza kuwazimia Watanzania wote kwa wakati mmoja hawezi kuniambia kwamba programu moja ya wakopeshaji wahuni imemshinda. Haijamshinda. Haijamkera.

Deni tumelipa, mimi na dada yangu nusu kwa nusu, na ujumbe umeendelea kuja.

Wewe unayesoma hapa, inawezekana namba yangu unayo, maana sasa wanayo wengi. Programu ya mkopo ikikuomba orodha ya majina, bonyeza kukataa. Ikigoma kufunguka, ifute. Na kama shida yako kweli ni elfu hamsini, usiende kwao, nipigie mimi. Nitakupa ishirini.