Boksi Lina Kuku

Maduka mengi ya vyombo vya umeme pale Korogwe mjini yana kibao cha aina moja. Huandikwa kwa wino mwekundu, hutundikwa juu ya kichwa cha muuzaji, na husema: BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Pembeni huwa kuna kingine cha Kukopa Harusi Kulipa Matanga, na wateja huvisoma vyote viwili kwa unyenyekevu uleule, kana kwamba vimepitishwa na Bunge Dodoma.

Cha pili sina ubishi nacho. Cha kwanza ndicho kilichonipandisha gari kutoka Magoma, nimekumbatia feni, na abiria wenzangu wakiniuliza kama nimehamishwa kazi.

Magoma iko bondeni, kwenye bonde la Lwengera, Usambara ya Magharibi upande huu na ya Mashariki upande ule. Wenzetu wa Lushoto wanagombania blanketi. Sisi huku kwenye mkonge, joto la mwezi wa pili linatutoa kitandani na kutulaza sakafuni. Feni kwetu si anasa. Yetu ilikuwa ya kusimama, spidi tatu, na kile kitufe cha mgongoni mwa mota unachobonyeza ili shingo izunguke. Dukani ilizunguka. Nyumbani nako ilizunguka, halafu jioni moja ikakwama ikitazama ukutani, kwenye kalenda. Ukiilazimisha kwa mkono inalia ka-ka-ka na kurudi palepale. Kalenda ikawa inapepewa usiku kucha.

Basi ikabidi familia ihamie kwenye upepo. Mama mkwe, aliyekuwa ameshuka kutoka Bungu kwenye baridi yake, akapewa kiti cha mbele ya kalenda, kama heshima inavyotaka. Mke wangu nyuma yake, watoto mkekani. Mimi mwenye nyumba upepo ulinifikia ukiwa umeshazunguka ukoo mzima na kushika moto. Kijana wa jirani, fundi redio, akaja na bisibisi mkononi bila kuitwa. Nikamzuia mlangoni: ukifungua skrubu moja tu, waranti imekwenda. Alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeona mgonjwa anakataa dawa.

Waranti ilikuwepo, ya mwaka mmoja, na muhuri wa duka. Na hata isingekuwepo, sheria ipo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, tuliyorithi kwa mkoloni, inataka kitu kinachouzwa kiwe na ubora wa kuuzika na kifae kwa kazi kilichonunuliwa kufanya. Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, ikaja kuongeza ulinzi wa mlaji na kuunda Tume ya Ushindani, FCC, ya kuusimamia. Kibao cha wino mwekundu hakiugeuzi ubovu kuwa uzima. Rais Kennedy wa Marekani alishaliambia Bunge la nchi yake tarehe 15 Machi 1962 kwamba mnunuzi ana haki ya usalama, ya kupewa taarifa, ya kuchagua na ya kusikilizwa, na mpaka leo tarehe hiyo ndiyo Siku ya Haki za Mlaji Duniani. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani.

Ila Kennedy hakusema lolote kuhusu shemeji.

Mwenye duka ni mtoto wa mama mdogo wa mke wangu. Ndiyo maana tulinunua kwake, na ndiyo maana kurudisha kwake ni kazi. Sikufika hata kaunta. "Shemeji! Karibu, shemeji!" Ikaja salamu ya Kisambaa, ambayo haikatishwi: nyumbani, watoto, shamba, mahindi, mvua, mama mkwe, kikohozi cha mama mkwe. Ikaja soda baridi. Nani ataanza kutaja vifungu vya sheria na soda ya mtu iko kooni? Feni ilikaa miguuni pangu muda wote huo, na yeye akaangalia kila kitu isipokuwa hiyo.

Hatimaye nikasema. Akauliza risiti.

Risiti mke wangu alikuwa ameihifadhi vizuri mno, kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi za kliniki za watoto. Lakini karatasi ya mashine ya EFD haitumii wino. Maandishi yake ni joto la mashine tu, na hufifia ikikaa juani au ikibanana na nailoni. Tumeambiwa ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Nilidai, nikapewa, na sasa nilikuwa nimeshika kipande cheupe pe. Kilichotuokoa ni kwamba mke wangu aliipiga picha siku ileile, si kwa ajili ya mahakama, bali amtumie dada yake wa Muheza aone bei. Shilingi 55,000, tarehe, namba ya kuhakiki, vyote vilionekana kwenye simu, na kidole gumba cha mke wangu pembeni.

"Sawa shemeji. Sasa hii feni, inapuliza?"

"Inapuliza."

"Kwa nguvu?"

"Kwa nguvu."

"Sasa ubovu uko wapi?"

Nikamwambia haigeuki. Akaniuliza kwa upole kwa nini tusigeuke sisi. Nilipomtajia mama mkwe, mama yake mkubwa mwenyewe, kuwa ndiye wa kugeuka, akabadili njia: umeme wa Magoma, shemeji, unajua unavyopanda na kushuka. Hapo nilikuwa tayari. Umeme ukizidi huunguza mota; haukazi shingo. Akacheka, akajua hapo hapapiti.

"Boksi liko wapi?"

Hilo sikulitegemea. Boksi lilikuwa uani, na ndani yake kuku alikuwa ameatamia. Nilipomweleza, duka zima likageuka, wateja na wabeba mizigo, kila mmoja akitaka kujua ana mayai mangapi. Shemeji akahesabu kwa vidole: kuku huchukua siku 21. "Wakitotolewa, lete boksi tulimalize." Nikamwambia hakuna sheria inayosema haki ya mnunuzi imo ndani ya boksi, kilichoharibika ni feni. Mzee mmoja aliyekuja kununua balbu akaniunga mkono, ingawa nadhani alimhurumia zaidi kuku.

Ndipo shemeji akasema la kweli, kwa sauti ya chini. Yeye naye ananunua kwa jumla Kariakoo, na kule kuna kibao kikubwa kuliko chake. Bila boksi, hawamsikilizi. Hata akiwa nalo, nauli ya kwenda na kurudi inakula faida ya feni kadhaa. Sheria inamtambua pia mtengenezaji na mwagizaji, lakini mteja hamwoni mwagizaji. Anamwona shemeji. Nilimwonea huruma, ila sikuiondoa feni kwenye kaunta.

Tukaafikiana. Nikapewa nyingine, tukaijaribu mpaka shingo ikachoka, na boksi lake nikaliacha dukani, kwake, alitunze mwenyewe.

Ile mbovu haikwenda Kariakoo. Aliiuza hapohapo kwa mchoma mishikaki wa jirani, kwa bei ya chini, akimwonyesha kasoro yake waziwazi; na kasoro uliyoonyeshwa ukaikubali huwezi kuja kuidai kesho. Mchoma mishikaki hakuwa na dai lolote. Kaitega mbele ya jiko, inapuliza mkaa bila kutazama kando. Nilipopita kununua vya kula garini, akaniambia ameshampa shemeji onyo: siku ikianza kugeuka, anairudisha.